Nani Alimletea Mke Wangu Kiti?

Wiki jana niliwaacha, wasomaji wangu, kwa kinyozi, nimesimama mlangoni kwake na saa ya mteja mkononi, kifuniko cha nyuma kimefunguliwa, vumbi linaingia nami sijali. Fundi saa asiyejali vumbi ni kama mpishi asiyejali nzi.

Redio ya kinyozi ilikuwa kwenye kipindi cha salamu. Mwanamke mmoja, sauti nzito ya mtu mzima, alijitambulisha kwa jina lake la hewani, Bibi Kasuku. Akawasalimu wote waliowahi kulala wodi namba sita, walio hai na waliotangulia. Akaomba apigiwe "Ulileta Kiti", wimbo wa marehemu mke wangu. Halafu, kabla haujapigwa, akasoma ubeti wa tatu.

Mtangazaji alicheka, akamwambia bibi, ubeti huo haumo.

"Umo," Bibi Kasuku akasema. "Kuna mtu aliutoa."

Mtu huyo ni mimi. Leo nitaeleza kwa nini, maana wiki jana nilikosa ujasiri nikaishia mlangoni.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mke wangu alifariki miezi minane iliyopita. Alikuwa akiimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu. Wimbo huo aliutunga miaka kumi na tisa iliyopita, alipokuwa amelazwa hospitali, baada ya mtoto wetu wa kwanza kuishi siku mbili. Hatukupata mwingine. Kiitikio chake kila mtu anakijua sasa:

Wengine walileta maneno,
Wewe ulileta kiti.
Hukuniuliza kitu,
Ukaketi nami.

Alipokuwa hai, wimbo huo uliimbwa kanisani tu na kwenye misiba ya jirani. Alipokufa ndipo ulipotoka mitaani. Sasa naukuta kila mahali, na kila ninapoukuta una mwenyewe.

Kinyozi anasema unamhusu yeye. Mungu hakumpa shule, alimpa kiti kinachozunguka. Dereva wa gari la maji anasema aliyeleta kiti ni mama yake wa kambo, aliyemlea bila kumuuliza alikotoka. Fundi baiskeli wa jirani, ambaye hasali nasi, aliniambia kwamba kwaya ni yetu, lakini maneno yale ni ya Mola wake, sisi tumeyaazima tu.

Nesi mmoja aliniletea saa yake ya kifuani, akaniambia kwamba tangu wimbo uenee, watu wanakuja kutazama wagonjwa na viti vichwani. Wodi imekuwa kama ukumbi wa harusi. Mkuu wao amebandika tangazo mlangoni: mgonjwa mmoja, kiti kimoja.

Niliwasikiliza wote huku lenzi ikiwa jichoni, nikiitikia kwa kichwa. Na niliwaonea wivu wote, mmoja mmoja. Nilimwonea wivu mama wa kambo wa dereva, mwanamke ambaye sijawahi kumwona. Kila mtu alikuwa na kiti chake ndani ya wimbo wa mke wangu. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama.

Kwa sababu mimi sikumletea kiti.

Alilala wodini siku kumi na moja baada ya mtoto kufa, homa haitaki kushuka. Kila asubuhi nilifika getini na chupa ya chai, nikamkabidhi mlinzi, nikageuka. Sikuingia hata siku moja. Niliogopa kwamba nikiingia atalitaja jina la mtoto, nami nitatakiwa kuitikia. Jina hilo tulilichagua wawili kabla hajazaliwa, na hatukumwambia mtu.

Kwa hiyo nilirudi kibandani kwangu kutengeneza saa. Nilitengeneza saa kumi na tisa kwa siku kumi na moja, nyingine nikiwa nimekalia ndoo.

Alipopona akarudi nyumbani na wimbo. Mwanzoni nilifurahi. Kisha akaniimbia wote, jikoni, na ubeti wa tatu ulikuwa hivi:

Kiti chako kilikuwa na mguu mfupi,
Ukakunja kitambaa ukauegemeza;
Ukanikata kucha kidole kwa kidole,
Jina la mwanangu ukalitamka.

Nilimuuliza huyo mwenye kiti ni nani. Alikuwa anakunja nguo.

"Mungu," akasema.

"Mungu hakati watu kucha."

"Basi wewe hujawahi kuugua," akanijibu, akaendelea kukunja.

Sikuuliza tena. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kidole. Palikuwa na mtu. Mtu mwenye mikono, aliyeshika mkono wa mke wangu kidole kwa kidole. Na mke wangu alimpa jina la mtoto, kitu kimoja tu duniani kilichokuwa chetu wawili.

Sasa sikieni kosa langu. Sauti yangu ni ya chura aliyekanyagwa, lakini mwandiko wangu umenyooka, ndiyo maana kwaya ilinipa kazi ya kunakili nyimbo. Naandika karatasi moja safi, wao wanaitolea nakala. Nilipofika kwenye "Ulileta Kiti" niliandika ubeti wa kwanza, wa pili na wa nne. Wa nne nikaupa namba tatu. Mwalimu wa kwaya alikuwa mgonjwa wiki hiyo na hakuna mwingine aliyekuwa ameusikia wote.

Mke wangu alipokea karatasi yake, akaisoma, akainuka akaimba kama ilivyoandikwa. Hakusema kitu, na nikajiambia kwamba labda naye ameona umekaa vizuri zaidi hivyo. Mwenye hatia hujitafutia godoro popote.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini nilisimama kwa kinyozi kama mtu aliyeitwa na marehemu. Ubeti ule ulijulikana na watu watatu tu: aliyeutunga, aliyeutoa, na aliyeleta kiti. Mmoja amekufa. Mimi sikupiga simu.

Lakini sikwenda kwa Bibi Kasuku kwanza. Nilikwenda kwa mtu niliyemshuku kwa miaka kumi na tisa.

Mwalimu wa kwaya hajaoa. Ana sharubu anazozichana mara nyingi kuliko inavyohitajika, na alikuwa akimwita mke wangu "kinanda changu". Mumewe akiwepo. Jumatano nilimkuta ukumbini kabla waimbaji hawajafika, anafuta ubao. Nilianza mbali. Nilimuuliza kama nyumbani kwake aliwahi kuwa na kiti chenye mguu mfupi.

"Shemeji," akasema, "siku hizi unatengeneza saa au samani?"

Nikamsomea ubeti wa tatu. Mkono wake ukasimama ubaoni. Akakaa kwenye benchi la sauti ya nne, akaweka kifutio mapajani, chaki ikamchafua suruali.

"Nilijua siku moja utakuja nao," akasema. "Sikujua utakuja kama polisi."

"Ni wewe?"

"Laiti ingekuwa mimi." Alisema hivyo bila kunitazama. "Nilimpenda, ndiyo, na yeye alijua, na akaniambia niimbe vizuri nikae kimya. Lakini wodini sikufika. Miaka yote hii namwonea wivu huyo mwenye kiti. Na mwenye kiti nilidhani ni wewe. Unapogawa karatasi siwezi kukutazama usoni."

Nilitafuta pa kukaa nikapakosa. Wanaume wawili wazima tulikuwa tumeoneana wivu nusu ya maisha kwa ajili ya kiti ambacho hakuna kati yetu aliyekikalia.

Niliuliza ubeti aliusikia wapi, kama siku nilipounakili alikuwa kitandani. Akaniambia mke wangu alikwenda kumwona, akamwimbia wimbo mzima, na baadaye alipoona karatasi imepungua alitaka kunivaa mbele ya kwaya. Mke wangu akamzuia.

"Alisemaje?"

Mwalimu alichana sharubu zake kwanza.

"Alisema: 'Mwache. Ataurudisha mwenyewe, siku atakapoweza kulitaja jina.'"

Kwa hiyo alijua. Kila Jumapili alipoinuka kuimba wimbo ulionyofolewa pembe moja, alijua ni nani aliyeinyofoa, na alirudi nami nyumbani tukala. Nilisikia aibu, ndiyo. Lakini sitawadanganya, chini ya aibu wivu ulikuwa bado umekaa mahali pake. Alinisamehe mimi, lakini mwenye kiti alimwimbia.

Mwalimu alinieleza pia kwamba watu wa redio wanataka kurekodi wimbo upya, kamili, Jumapili hii. Ubeti wa tatu yeye haukumbuki wote. Nimwandikie. Nilimjibu kwamba nitaona, jibu ambalo kila mtu anajua maana yake.

Jinsi ya kumpata Bibi Kasuku nilielekezwa na kinyozi. Wapenzi wa salamu wanajuana kama wezi. Anaishi juu ya ghala la unga, ngazi za nyuma, mlango wenye pazia la kijani. Alhamisi adhuhuri nilifunga kibanda nikaenda.

Nilimkuta mama mnene wa miaka sabini na kitu, miguu imevimba, ameiinua juu ya stuli iliyofunikwa taulo. Redio iko mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia kama nimeleta kadi za salamu niziweke juu ya friji.

Nilimtazama mikono. Mikono mipana, kucha zake mwenyewe fupi na safi. Nikafikiri: ni huyu. Mwanamke, tena mtu mzima. Wallahi nilitaka kucheka. Miaka yote ile nimekula nyongo yangu kwa sababu ya bibi wa watu. Kifua kilifunguka, nikaketi kwenye mkeka bila kukaribishwa.

Nikamwambia mimi ni mume wa marehemu aliyetunga wimbo ule.

Bibi Kasuku alipunguza redio. Akanitazama kuanzia viatu kupanda juu, polepole, kama mtu anayesoma barua ya serikali.

"Hapana," akasema. "Mumewe namjua."

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikarudia.

"Nimekusikia, baba. Nilikuwa mhudumu wa usafi wodi namba sita miaka ishirini na sita. Mume wa yule binti alikuja kila siku saa nane mchana, siku kumi na moja, kiti begani. Wewe unafanana naye, nisiseme uongo. Labda ni ndugu yako. Lakini yeye si wewe."

Nilimuuliza alijuaje kuwa ni mume.

"Alisema mwenyewe. Mlinzi alikuwa na amri ya kuingiza mume tu. Akasema mimi ni mume. Mlinzi akasema, ndiyo, si wewe uliyeleta chai asubuhi? Akasema, ndiye mimi. Na binti alipomwona hakukataa."

Mlinzi alikuwa amewadhania watu wawili kuwa mmoja.

Bibi aliendelea, maana akishaanza hasimami. Viti vya wodi, alisema, vilikuwa vimefungiwa stoo, mkuu wa zamu akiogopa vibebwe, ndiyo maana yule bwana alikuja na chake. Na kile kiti mguu mmoja mfupi, kinacheza, kinakwaruza sakafu yake aliyoipiga deki. Alimgombeza. Yule bwana hakujibu, alitoa kitambaa mfukoni akakikunja akakiweka chini ya mguu. Siku iliyofuata binti alikuwa anaimba kwa sauti ya chini, na kitambaa kimo ndani ya wimbo.

"Sasa niambie," akasema. "Redio inapiga wimbo kila siku, watu wanalia, kila mmoja anasema ni wake. Na mahali pangu mimi hapamo. Kile kitambaa ni mimi. Ile ni sakafu yangu. Nani alinitoa?"

Niligundua kwamba hata huyu nimemwonea wivu, na kwamba nimemdhulumu.

Nilimuuliza tu kama kweli mtu yule alimkata mke wangu kucha.

"Alikuwa akijikwaruza na homa. Alimkata vizuri, kama anafungua kitu kidogo kinachoweza kuvunjika. Usinitazame hivyo. Nilikuwa pale na ndoo yangu muda wote, hapakuwa na ubaya. Alikaa, akakata kucha, akamtaja mtoto kwa jina, wakalia, akaondoka. Mimi siku hiyo niliamini Mungu yupo."

"Mke wangu naye alisema ni Mungu."

"Basi alisema kweli. Mungu akija atakalia kiti cha nani, kama si cha mtu?"

Niliuliza kiti chenyewe kilikwenda wapi. Hapo ndipo alipocheka, akashusha miguu yake mmoja baada ya mwingine, akavuta taulo.

"Siku ya mwisho alinipa. Akaniambia, mama, umetusitiri, nawe kaa. Hiki hapa."

Niliijua kabla ya kuigusa. Ilikuwa stuli yangu. Stuli ya kibandani kwangu, niliyoikalia miaka mitatu, mguu wake mfupi nikiahidi kuushughulikia kesho.

Niliipindua. Nyinyi msiojua kazi yetu niwaeleze: fundi saa akimaliza kutengeneza, hukwaruza ndani ya kifuniko alama yake na tarehe, kwa ncha ya sindano, ili saa ikirudi ijulikane nani aliigusa na lini. Chini ya stuli ile palikuwa na alama yangu na mwaka nilipoinunua. Na chini ya alama yangu palikuwa na tarehe kumi na moja, zimepangwa moja chini ya nyingine. Mtu alikuwa ameandika kila siku ya kukaa kwake kama tunavyoandika matengenezo.

Namba saba zilikuwa zimekatwa kistari katikati. Kuna mtu mmoja tu niliyemfundisha kazi hii, na nilimgombeza mara mia kwa saba zile.

Mdogo wangu. Nyumbani tulimwita Kivuli, kwa sababu alifanana nami na alinifuata kila nilipokwenda. Wiki ya pili ya hadithi hii niliandika kwamba hatujasemezana miaka kumi na tisa, na nikaahidi kueleza sababu. Sababu ni stuli.

Siku zile alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, tunafanya kazi kibanda kimoja. Kila mchana alitoweka na stuli yangu akarudi jioni, nami nikabaki kwenye ndoo. Nilijua anakwenda kucheza drafti barazani pa duka la rangi. Siku ya kumi na moja alirudi mikono mitupu. Nikamuuliza stuli iko wapi. Akasema ameiacha. Kwa nani? Kimya. Nikamwambia nyumba ina msiba, wewe una drafti. Nikamwambia na mengine ambayo mama yetu aliyasikia kutoka uani akaja kunishika mkono. Nikamnyang'anya ufunguo wa kibanda. Akaondoka na hakujitetea hata kwa neno moja.

Sasa naelewa. Angejitetea, ningemuuliza aliwezaje kuingia mahali niliposhindwa mimi.

Alikuja kwenye mazishi ya mke wangu. Nilimwona mbali, kwenye ukuta, nikajifanya simwoni. Viti vilikuwepo. Hakukaa.

"Zihesabu vizuri," Bibi Kasuku akaniambia, maana nilikuwa bado nimeishika stuli miguu juu.

Nikahesabu. Zilikuwa kumi na mbili. Ya mwisho ilikuwa imekaa peke yake, chini kidogo, mkwaruzo bado mweupe. Ilikuwa ya mwaka huu, siku nne kabla mke wangu hajafa.

Bibi alisema mdogo wangu alikuja kuiazima, kwa siku moja tu. Aliirudisha jioni, macho mekundu, hakutaka hata maji.

Nikakumbuka siku ile. Nilikuwa nimekesha wodini, safari hii niliingia, nawaapia niliingia kila siku. Mchana mke wangu mwenyewe akanisihi niende nyumbani nikaoge. Nikaoga, nikajilaza kidogo, usingizi ukanipitia. Niliporudi nilikuta kucha zake zimekatwa, fupi, safi. Nikamshukuru nesi. Nesi akanitazama kama asiyeelewa.

Alinisihi niende nikaoge. Alikuwa anamsubiri mtu.

Mtanisamehe kwamba hapo sikuwaza habari za Mungu wala za msamaha. Niliwaza kwamba mke wangu alikuwa na siku nne za kuishi na katika siku hizo alitafuta namna ya kuniondoa chumbani. Wivu nilioujua miaka yote ulikuwa mtoto. Huu wa sasa ulikuwa na ndevu.

Nilimwomba Bibi Kasuku stuli. Alinipa kwa sharti moja, kwamba kitambaa kirudi kwenye wimbo. Nikamwahidi, bila kujua kama nasema kweli.

Jumamosi asubuhi niliibeba begani mpaka sokoni. Mdogo wangu ni fundi mizani, ana meza yake nyuma ya wauza vitunguu. Njiani mtu mmoja aliniona na stuli akaanza kuimba kiitikio kwa utani, na wenzake wakamwitikia. Laiti wangejua.

Alikuwa ameinamia mzani, akiweka vijiwe vya chuma kwa kibanio, kama nilivyomfundisha kushika magurudumu ya saa. Nywele zake zimeanza mvi mahali pale pale zilipoanza zangu. Aliinua macho, akaitazama stuli kwanza, kisha mimi.

Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu Alhamisi, na mengi hayaandikiki gazetini.

Hakuniacha niyaseme. Alizunguka meza, akaipokea stuli, akaiweka chini. Akatoa kitambaa mfukoni, akakikunja mara mbili, akakisukuma chini ya mguu mfupi bila kutazama.

"Kaa, kaka," akasema.

Nikakaa. Stuli haikutikisika.

Nikamuuliza mke wangu alimwambia nini siku ile. Nilitaka kuuliza kwa ukali, lakini iliniponyoka kama swali la mgonjwa.

"Alinipa neno," akasema. "Si langu. Ni lako."

"Miezi minane umekaa nalo?"

"Aliniapisha nisikupe hivi hivi. Alisema utakuja mwenyewe na kiti. Nikamwambia, shemeji, huyu hatakuja. Akasema atakuja, wivu utamleta, na ukimleta usimcheke."

Mama mmoja mwenye kapu alikuwa amesimama nyuma yangu, akauliza fundi, mzani wangu je? Mdogo wangu akamwambia asubiri kidogo, kuna mtu ana zamu. Kisha akachuchumaa mbele yangu, uso wake usawa na wangu, na nikaona kwamba analia bila kelele, kama anavyolia tangu utotoni.

"Sharti lake ni moja," akasema. "Mtaje mtoto kwa jina lake. Ukishindwa, beba kiti chako urudi."

Miaka kumi na tisa jina lile lilikuwa midomoni mwa watu wawili, na mimi niliyelichagua sikuwa mmoja wao. Nilishika ukingo wa stuli kwa chini, vidole vikagusa zile tarehe.

Nikafungua mdomo.